Jinsi ya kuchagua kliniki ya sukari kama unataka pampu ya insulini (kwa sie wa Unguja na Pemba)

Assalaam alaykum jamani. Mie ni nesi wa kliniki ya sukari hapa Unguja, na siku hizi wazazi wa watoto wenye kisukari aina ya kwanza wananijia na picha ya pampu kwenye simu, kuna ndugu yao Oman au Uingereza kaahidi kuleta, wanauliza ipi nzuri. Nawajibu pampu baadae, tafuteni kwanza kliniki, maana pampu isiyo na watu wa kuisimamia ina hatari kuliko sindano.

Hatua ya 1: Ijue pampu inavyofanya kazi
Pampu inatumia insulini ya haraka peke yake, inaingia kidogo kidogo mchana na usiku kupitia mrija unaoishia kwenye kanula, yaani kibomba chembamba kilicho chini ya ngozi. Ile ya muda mrefu unayochoma kila siku inakuwa haipo tena. Sasa mtoto kalala, kanula imekunjika au mrija umeziba, masaa machache tu mwilini hamna insulini, ketoni (asidi ambayo mwili unatengeneza ukikosa insulini) zinapanda, alfajiri unamkuta anatapika na anahema kwa nguvu. Hili likikukaa kichwani utajua mwenyewe cha kuuliza kliniki.

Hatua ya 2: Uliza usiku simu anapokea nani
Hii ndo hatua kubwa kuliko zote, msiiruke. Usiulize "mna daktari bingwa?" maana wote watakwambia ndio. Uliza hivi: saa nane usiku mwanangu sukari 18, ketoni 1.5 (zote kwa mmol/L), nampigia nani na ataniambia nifanye nini? Mtu anayeijua kazi atakujibu pale pale: insulini ya kushusha mchome kwa peni ya insulini au sindano, usiiamini pampu, halafu badilisha kanula na mrija, mpe maji, pima tena baada ya saa moja mpaka mbili, ketoni zikifika 3 au akianza kutapika mkimbize spitali. Akikwambia njoo Jumatatu na kadi yako, mshukuru uondoke.

Ndugu zangu wa Pemba nyie mna la ziada. Kliniki ya pampu ikiwa Unguja au Dar, usiku huo boti hutoipata, kwahiyo idai ikuandikie barua ya kupeleka spitali iliyo karibu nawe, iwe Chake Chake, Wete au Abdulla Mzee kule Mkoani, inayosema mtoto huyu yuko kwenye pampu, dozi zake hizi, akizidiwa fanyeni hivi. Barua hiyo muwe nayo kabla pampu haijavaliwa.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya vifaa
Kanula na mrija vinabadilishwa kila siku 2 au 3, yaani seti 10 mpaka 15 kwa mwezi, bado tangi la insulini, stripu za kupimia na stripu za ketoni. Pampu ya zawadi inakuja mara moja, seti zinatakiwa kila mwezi miaka na miaka. Uliza kliniki inavipata wapi, bei gani, na vikichelewa inakuwaje. Kama tegemeo ni begi la shangazi anayekuja kila mwaka, mtoto abaki na peni, akitunzwa vizuri nazo sukari inakaa sawa.

Hatua ya 4: Waulize wali wa nazi
Pampu inataka uhesabu wanga wa kila mlo. Kikombe kimoja cha wali uliopikwa kina kama gramu 45, kwa mtoto ambaye yuniti 1 ya insulini inabeba gramu 15 hapo ni yuniti 3. Lakini mafuta ya nazi yanachelewesha chakula tumboni, sukari inapanda baadae, na ndo raha ya pampu, unaweza kuigawa dozi, nusu sasa hivi na nusu itoke taratibu kwa masaa mawili. Mwenye kliniki asiyeweza kukaa na wewe mkahesabu boflo, muhogo, urojo na mkate wa kumimina, anakupa karatasi ya makaroni na tufaha tu, huyo hajajiandaa kuhudumia watu wa huku.

Hatua ya 5: Ramadhani
Wapo wasiofaa kufunga kabisa na kliniki nzuri itakwambia wazi, tena miezi kabla. Anayeruhusiwa atafundishwa kupunguza dozi ya msingi (ile inayoingia kidogo kidogo muda wote) masaa ya mwisho kabla ya magharibi, kupima mara nyingi, na sukari ikishuka chini ya 3.9 anafungua hapo hapo bila kusubiri adhana.

Hatua ya 6: Joto
Uliza fupi tu: jasho likibandua plasta nifanyeje, na umeme ukikatika insulini niiweke wapi. Insulini iliyopigwa na joto la zaidi ya nyuzi 37 kwenye pampu inatupwa.

Hatua ya 7: Omba majaribio ya maji ya chumvi
Kliniki makini zinamvalisha mtu pampu yenye maji ya chumvi kwanza siku kadhaa, huku sindano zake anaendelea nazo kama kawaida. Hapo utajua mbivu na mbichi: mtoto anailalia vipi, skuli mwalimu anasemaje, mama anaweza kubadilisha kanula mwenyewe bila nesi kumshika mkono. Akiweza ndo iwekwe insulini, na wiki ya kwanza mpigiwe simu kila siku. Insulini ya muda mrefu na peni yake msitupe, ikae friji pamoja na karatasi ya dozi, pampu ikifa mnarudi huko usiku huo huo.