SOMO: Pointi za mwili kwenye kujihami (msinifuate tena inboksi)

Kila wiki napokea ujumbe uleule: "Sensei, nikibonyeza wapi mtu anazima?" Naandika mara moja tu.

Pointi hizi Wajapani huziita kyusho, na zipo kweli. Gonga kiwiko kwenye kona ya meza uone mkono unavyowaka mpaka kidole cha mwisho. Hiyo ni neva iliyo karibu na ngozi, wala si uchawi.

1. Njia ya kukimbia ipo? Kimbia.

2. Anataka simu? Mpe.

3. Ukipigwa kabari, ficha kidevu na uvute mkono wake chini kwa mikono miwili. Pumzi kwanza.

4. Piga, usibonyeze. Hapa ndipo nilipoumbuka. Nilikuwa na mkanda wa kahawia na kichwa kikubwa. Mlevi akanikunja shati nje ya ukumbi wa harusi, nami nikamzamishia kidole gumba nyuma ya ndewe ya sikio, pale kwenye pembe ya taya ambapo dojo (ukumbi wetu wa mazoezi) nzima walikuwa wakilia. Jamaa akanitazama kama vile namkuna, kisha akanishushia kichwa. Jino langu la mbele ni la bandia. Mwenzako wa mazoezi ametulia anakungoja. Aliyelewa au kupandwa na jazba hatulii, maumivu madogo hayasikii, na pointi yenyewe ni kama sarafu. Kubonyeza kunafaa mkiwa mmeshabanana, ili alegeze mkono kidogo tu.

5. Lenga panapouma hata ukikosea kidogo: chembe cha moyo, ini (kulia kwake, chini ya mbavu), ubavuni mwa paja. Ngumi ya ini hupigisha mabondia magoti wakiwa na akili timamu.

6. Pembeni mwa shingo MSIJARIBISHANE. Mshipa wa damu ya ubongo unapita hapo. Ukichanika, unaweza kuleta kiharusi.

MASWALI

— Mkuu maelezo marefu, taja tu ile ya kuzimisha.

Soma namba 4.

— Mbona kuna wazee wanaangusha watu bila kuwagusa?

Wanafunzi wao wenyewe. Yanagi Ryuken wa Japani alikuwa hodari wa hayo. Mwaka 2006 akapambana na mpiganaji asiye mwanafunzi wake, akatandikwa mapema tu.

— Mwalimu, nina mwili mdogo na natoka zamu usiku. Nikikamatwa kifundo cha mkono?

Swali zuri, dada. Usivutane naye. Vidole vinne viko upande mmoja, gumba liko peke yake: hapo ndipo mlango. Geuza upande mwembamba wa kifundo chako uelekee pengo hilo, sogea karibu naye, kisha kunja kiwiko ghafla kama unapeleka mkono sikioni. Akishupaa, teke la ugoko. Pale hapana nyama. Fanya mazoezi na mtu anayekushika kwa nguvu kweli, asikuonee huruma.

— Na funguo katikati ya vidole?

Zitakuchana mwenyewe. Bora filimbi.

— Sensei, jino la bandia shilingi ngapi? Langu linacheza.

Usiling'oe, wahi kwa daktari wa meno leo. Umefanyaje?

— Nilibonyeza.