Somo: Kurejesha bonde la mto kwa kuanzia juu mlimani

Wanachama, hamjambo. Wengi mmeuliza kazi ya kurejesha mabonde ya mito hufanywaje hasa ukiwa umeajiriwa na shirika dogo la kijamii. Nitaeleza kwa mpangilio ninaoufuata huku Nyakach, kaunti ya Kisumu, na kando ya mto Nyando. Msimamo wangu nautanguliza: mto hauharibikii ukingoni. Huharibikia juu, pale mvua inapoangukia mashamba, mapaa na barabara. Anayeanza kwa kupanda miche ukingoni anafunga kidonda huku mwiba bado umo ndani.

Hatua ya 1: Fuata maji

Subiri mvua inyeshe, vaa gumbuti, utoke. Ramani ni muhimu, lakini haitakuonyesha kalavati, yaani bomba la maji chini ya barabara, iliyoelekezwa shambani kwa mjane. Anza pale mto unapomwaga tope, panda nao hadi nyumba ya mwisho kileleni. Nyando, kwa mfano, hukusanya maji ya milima ya Nandi, Tinderet na upande wa magharibi wa Mau, ukipita Muhoroni na Ahero hadi Ghuba ya Winam, Ziwa Victoria. Tope linalolisha gugu maji ziwani Kisumu lilikuwa shamba la mtu huko juu.

Beba chupa tupu za soda. Kila vijito viwili vinapokutana, jaza chupa moja kutoka kila upande, andika jina la kijito, uziache zitulie usiku kucha. Asubuhi linganisha. Chupa moja ikiwa na tope unene wa kidole na mwenzake karibu safi, umeshajua kijito cha kukimbilia, bila mashine yoyote.

Angalia njia za ng'ombe, machimbo ya mawe, mitaro ya barabara na mapaa ya mabati. Paa ni rahisi kulipigia hesabu: milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Shule yenye paa la mita za mraba 400, mvua ikinyesha milimita 30, inamwaga lita 12,000 kwa alasiri moja. Hayo maji yanakwenda wapi? Mara nyingi jibu ni korongo lililo nyuma ya vyoo.

Hatua ya 2: Jua udongo kabla ya kujenga

Hapa ndipo pesa nyingi za wafadhili zinapopotelea. Sehemu za chini za Nyakach, yalipo makorongo makubwa ya Katuk Odeyo, na sehemu za tambarare ya Kano zina udongo wenye sodiamu nyingi. Ukikauka ni mgumu kama tofali, ukiloa unayeyuka.

Jaribio lake ni hili. Chukua donge la udongo lililokauka vizuri, ukubwa wa punje ya maharagwe, kutoka udongo wa chini na si ule wa juu wenye mizizi. Weka maji ya mvua kwenye glasi, usitumie ya bomba wala ya kisima kwa sababu chumvi yake itakudanganya. Tumbukiza donge taratibu na usikoroge. Donge likivunjika vipande vinavyolala chini huku maji yakibaki safi, hilo ni la kawaida. Lakini ukiona ukungu mweupe kama maziwa unatoka kwenye donge na kutandaa chini ya glasi, acha kwanza mpango wa gabioni, yaani ukuta wa masanduku ya waya yaliyojazwa mawe. Maji yatatoboa vishimo pembeni mwa ukuta wako, yaupite kwa nyuma, na masika yajayo utaukuta umesimama peke yake katikati ya korongo pana zaidi. Udongo wa namna hiyo unataka maji yazuiwe yasiufikie kabisa, na nyasi ziufunike. Ukiuchimba hovyo umeuamsha.

Hatua ya 3: Kaeni na watu

Hii huchukua muda kuliko zote na haiharakishwi. Kwanza tafuta kama eneo lina WRUA, yaani chama cha watumiaji wa rasilimali za maji. Sheria ya Maji ya 2002 iliviweka vyama hivi, na ile ya 2016 ikaviendeleza chini ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Kikiwepo, huenda tayari kina mpango wa bonde lake. Usome, ufanye kazi kupitia kwao. Shirika linaloanzisha kamati yake pembeni ya WRUA linaacha ugomvi, na mradi ukiisha kamati nayo inaisha. Ukiwa karibu na msitu wa serikali, tafuta pia chama cha jamii cha msitu.

Pili, bonde halijui mpaka wa kaunti. Maji yanayokata mashamba ya Nyakach yanaanzia pia upande wa Kericho. Kwa hiyo baraza la upande mmoja ni nusu ya baraza. Sisi hupendelea kukutana karibu na soko la Sondu, ambako Wajaluo na Wakipsigis wameuziana mahindi na ng'ombe miaka mingi na Kiswahili ni cha wote. Waombe machifu wa pande zote mbili wakae meza moja. Wajaluo wana saga, Wakipsigis wana morik, zote kazi za kusaidiana kwa zamu. Ukijenga juu ya desturi hiyo hutahitaji kulipa kibarua kwa kila jembe linaloinuliwa. Lakini kazi nzito ya mawe lipa. Kumwomba mtu mwenye njaa avunje mawe bure wiki nzima si haki.

Tatu, idhini ya shamba iandikwe, na isiwe ya mume peke yake. Mara nyingi jina la kwenye hati ni la babu aliyefariki, mwana yuko Nairobi, na anayelima ni mkaza mwana. Yeye ndiye atakayeangalia mtaro ukiziba. Mwulize mbele ya wazee: ukanda huu wa majani ukikua, nani atayakata, ng'ombe wa nani atayala? Andikeni jibu lake kwenye karatasi hiyohiyo.

Sheria ya ukanda wa mto itaje, ila isitangulie. Kanuni za maji za 2007 ziliweka ukanda usiopungua mita 6 na usiozidi mita 30 kila upande, kulingana na upana wa mto. Ukifungua mkutano kwa sheria, watu wanasikia kwamba shamba linachukuliwa. Fungua kwa majani ya ng'ombe, parachichi na maji ya kisima kudumu kiangazi, halafu sheria iingie kama jambo linalowalinda wote.

Hatua ya 4: Pima mistari

Ili kupata mistari ya kimo kimoja shambani (kontua), tengeneza fremu ya A kwa miti miwili ya mita 2 hivi na mmoja mfupi wa kupita katikati. Ning'iniza uzi wenye jiwe kutoka kileleni. Simamisha fremu, weka alama uzi unapogusa mti wa katikati. Sasa igeuze, kila mguu uchukue nafasi ya mwenzake, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo uzi utakapotulia miguu yote ikiwa kimo kimoja. Mpe mwenye shamba aishike mwenyewe. Mara nyingi mstari hautaonekana sawa machoni, atabisha, kisha uzi utamwonyesha.

Umbali kati ya matuta: chukua asilimia ya mteremko, gawanya kwa 4, ongeza 2, zidisha kwa 0.3. Hiyo ni tofauti ya kimo kwa mita. Mteremko wa asilimia 12 unakupa mita 1.5, yaani kama mita 12 na nusu za kutembea kati ya tuta na tuta. Chimbeni mitaro ya fanya juu, udongo ukitupwa upande wa juu kuwa tuta, na tuta lipandwe majani ya tembo (nepia) siku hiyohiyo. Tuta lisilo na mizizi hubomoka kwa mvua kubwa ya kwanza.

Juu ya yote chimba mtaro wa kukinga maji yanayotoka nje ya shamba. Mshuko wake uwe mdogo sana, sentimita 25 hadi 50 kwa mita 100. Na uishie kwenye nyasi nene. Ukiishia kwa jirani, umehamisha korongo tu.

Hatua ya 5: Korongo

Anza kichwani, pale linapoendelea kula shamba. Elekeza maji pembeni kabla ya kugusa chochote ndani. Baada ya hapo, kama udongo ulionekana wa kawaida kwa jaribio la hatua ya 2, vizuizi vya mawe au vya matawi vipangwe hivi: mdomo wa kizuizi cha chini uwe kimo kimoja na kitako cha kile cha juu yake. Kizuizi cha sentimita 50 kwenye mteremko wa asilimia 5 humfuata mwenzake baada ya mita 10. Ingiza ncha zake nusu mita ndani ya kingo, katikati pawe chini kuliko pembeni, na tandika mawe mbele pale maji yanapodondokea. Vidogo vingi hushinda kimoja kikubwa.

Hatua ya 6: Miche, sasa

Panda mvua ikiwa imeshika, si siku mgeni wa heshima anapopata nafasi. Siala, mgrevilea, kaliandra na sesbania hufanya vizuri huku. Kwa mbegu bora ulizeni vituo vya KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu ya Kenya, Maseno au Londiani.

Hatua ya 7: Hesabu ya kweli

Mfadhili ataomba idadi ya miche iliyopandwa. Mpe, lakini mwandikie pia idadi iliyo hai baada ya kiangazi cha pili, hata kama inauma. Piga picha kutoka mahali palepale kila msimu. Mpe mwalimu wa shule kipima mvua na daftari. Na zile chupa za hatua ya kwanza, rudieni kila masika kwenye vijito vilevile.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Njoro: Mwalimu, jirani yangu ana mikaratasi (mikalipitasi, miti inayokunywa maji sana) kwenye chemchemi. Anasema ndiyo karo ya watoto. Tuikate?

Ndugu, msiikate yote kwa mara moja. Kingo zitabaki wazi na karo itaharibika pamoja nazo. Kubalianeni avune kwa mafungu akianzia miti iliyo karibu zaidi na maji, auze mwenyewe, na visiki vya hapo visiachwe vichipue tena. Kila fungu linapotoka, mianzi na miti ya kienyeji iingie. Msaidieni apate mahali pa kupanda mikaratasi mbali na chemchemi. Kwenu jambo hili ni zito kwa sababu mwaka 2001 takriban hekta 35,000 ziliondolewa kwenye Msitu wa Mau Mashariki, ambako mto Njoro huanzia, na Ziwa Nakuru, ambako mto huo humwaga maji yake, halina mto wa kutokea. Kinachoingia humo kinabaki humo.

Mwanachama wa Ahero: Sisi tuko chini kabisa, Kano. Mafuriko yanatukuta hata tukifanya nini. Kwetu kuna kazi gani?

Dada, ipo, na pole kwa mnayopitia. Lindeni mafunjo yaliyobaki, hasa mdomoni mwa mto, maana ndiyo yanayochuja tope. Zuieni uchimbaji wa mchanga karibu na kingo na matuta ya kukinga mafuriko. Kisha jiungeni kwa simu na wale wanaosoma vipima mvua huko juu. Mvua kubwa ikinyesha milimani jioni, ujumbe ukiwafikia usiku huohuo mnapata muda wa kuhamisha mifugo na wazee. Na mhudhurie mikutano ya juu. Mkulima wa mlimani akisikia kutoka kwa mama aliyelala juu ya meza na watoto wake, anashika jembe haraka kuliko akisikia kutoka kwangu.

Mwanachama wa Muhoroni: Barabara mpya imetumwagia maji ya kalavati shambani. Nani anawajibika?

Inategemea barabara ni ya nani, ya kaunti au ya mamlaka ya kitaifa. Chifu au ofisi ya wadi itakwambia. Andika barua, ambatisha picha mbili, moja ya kiangazi na moja wakati wa mvua, na nakala ipite kwa WRUA yenu. Wakati mkisubiri, ombeni mitaro ya kando ifunguliwe sehemu kadhaa kabla ya kalavati, kila mmoja ukiishia kwenye nyasi, ili maji yasifike yote mahali pamoja.

Mwanachama wa Kisumu: Nimemaliza chuo, nina diploma ya mazingira. Mashirika yanataka nini hasa?

Hongera kwanza. Cheti kinakufikisha kwenye usaili. Baada ya hapo wataangalia kama unaweza kuendesha pikipiki kwenye matope, kuweka alama za GPS, kujaza fomu kwenye simu pasipo na mtandao, na kuandika bajeti ya kazi ya mawe ambayo fundi hataicheka. Mshahara wa mashirika madogo hufuata mradi, kwa hiyo uliza mapema mkataba unaisha lini na kama mafuta ya pikipiki yamo. Kabla ya kutuma maombi popote, jitolee na WRUA iliyo karibu nawe msimu mmoja, upime hata shamba moja mwanzo hadi mwisho.

Mwanachama wa Nyakach: Mbuzi walimaliza majani yote ya tembo tuliyopanda kwenye matuta. Tufanyeje?

Mashina mengi yatachipua kama mizizi haikung'olewa, kwa hiyo msikate tamaa wala msipande upya kabla ya mvua mbili tatu. Iteni kikao cha wenye mbuzi, si cha wenye matuta peke yao. Kubalianeni mbuzi wafungwe kamba miezi ya kwanza, na mwenye matuta awape wenye mbuzi sehemu ya majani yakishakomaa. Faini iwekwe na wazee wenyewe, iwe ndogo na ilipwe siku hiyohiyo. Palipoliwa kabisa, chomekeni vipandikizi vyenye vifundo vitatu, viwili viingie ardhini, vikilala kidogo kufuata mteremko.