Kiuno kinauma? Lala chali kwanza, tuanzie hapo

Nilijua kiuno kimenishinda siku niliposhindwa kuvaa soksi. Sikua nimebeba gunia wala kuanguka, nimekaa tu pembeni ya kitanda, mguu ule pale, mkono huu hapa, alafu kiuno kimegoma kukunja. Na hapo nilikua nimetoka kulala karibu wiki nzima nikidhani nakitibu, kumbe ndo nakimaliza, maana kiuno cha kawaida ukikilaza siku nyingi misuli inalegea, viungo vinakakamaa, na hata ule ujasiri wa kuinama unapotea. Kilichonitoa ni fizio na Pilates, vizoezi vidogo ambavyo mwanzoni vinachosha akili kuliko mwili. Naandika hasa kwa wale ambao kiuno kinawasumbua muda mrefu, ile ya kupita miezi 3.

Ila kabla hujatandika mkeka, kuna maumivu hayafanyiwi mazoezi. Ukipata ganzi sehemu za siri na kati ya mapaja, mkojo umegoma kutoka au unatoka bila kujijua, choo hukizuii, au miguu inaishiwa nguvu, hiyo ni dharura, hospitali saa hiyo hiyo usisubiri kesho. Kama maumivu yamekuja na homa, unakonda bila sababu, umewahi kuugua kansa au umeanguka vibaya, daktari kwanza. Wengi hatupo humo, lakini usijichunguze kwa kubahatisha.

Watu wanachanganya fizio na Pilates. Fizio ni mtaalamu wa afya, anakupima, anatafuta nini kinachokuumiza na kwa nini, alafu anakupa dozi ya mazoezi kama vile daktari anavyoandika dozi ya dawa. Pilates ni aina ya mazoezi, imeanzishwa na Mjerumani anaitwa Joseph Pilates, alizaliwa 1883, vita ya kwanza ya dunia ikamkuta Uingereza akawekwa kizuizini kama raia wa nchi adui, na huko huko akaendelea kuyatengeneza mazoezi yake. Mwenyewe aliyaita Kontrolojia na kwa kweli lile jina linaeleza vizuri zaidi, kwa sababu kazi yote ni kuudhibiti mwili wako unavyosogea, sio kutoka jasho. Na niseme ukweli, Cochrane, kundi la watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za afya, kwenye mapitio yao ya mwaka 2015 waliona Pilates inasaidia maumivu ya kiuno kuliko kukaa bila kufanya kitu, lakini haikuthibitika kwamba inazidi mazoezi mengine. Kwa hiyo kama wewe wa kuogelea au kutembea na kiuno kinakubali, hujakosea popote. Mimi Pilates ilinishika kwa sababu unaanza umelala.

Siku ya kwanza kwa fizio nilienda na picha yangu ya mgongo ya MRI kwenye bahasha nikitegemea atashtuka. Akaitazama, akaiweka pembeni, akaniambia kaa kwenye kiti usimame mara 5 bila kushika popote, na muda wote anaangalia miguu yangu tu. Alafu akauliza, unajua unasimamia mguu wa kulia peke yake? Wala sikujua! Kuhusu picha akaniambia diski, zile pedi laini kati ya pingili za mgongo, zilizochakaa au kuvimba zinaonekana hata kwa watu wasioumwa chochote, na umri ukienda zinaonekana zaidi, kwa hiyo picha peke yake haitoshi kusema nini kinakuuma. Wewe ukienda usiseme tu "naumwa mgongo", mwambie ukifanya nini inazidi, ukikaaje inapungua, asubuhi ikoje na usiku ikoje, na unataka uweze kufanya nini. "Nataka nivae soksi" anaweza kuifanyia kazi, "nataka nipone" ni ngumu kuipangia.

Sasa mkekani. Lala chali, kunja magoti, nyayo chini, zimeachana upana wa nyonga. Kidevu kikielekea juu weka taulo iliyokunjwa chini ya kichwa. Tikisa nyonga taratibu, mara kiuno kigande kwenye mkeka, mara kiachane nao kidogo, mara 10, alafu tulia katikati, pale ambapo vidole vinapenya chini ya kiuno kwa shida. Hiyo katikati uikariri maana ndo utakua unairudia kila zoezi.

Weka vidole kwenye ile mifupa miwili ya mbele ya nyonga, viingize ndani kidogo na kushuka kidogo. Kohoa. Umesikia kitu kimeruka kikasukuma vidole? Hapo ndo misuli ya tumbo la ndani ilipo, ila kikohozi kimeipiga shoti, sisi tunataka iamke pole pole. Vuta hewa kwa pua, mbavu zitanuke pembeni kama mwavuli unafunguka, toa kwa mdomo kama unapooza kitu cha moto kwenye kijiko, na hewa ikiwa inatoka kaza huko chini kama unayezuia mkojo, tumbo chini ya kitovu litaingia lenyewe kidogo. Nasema kidogo. Kosa letu wote ni kubana kama unasubiri ngumi ya tumbo, pumzi zinakatika, mabega yanapanda masikioni, uso umejikunja. Jaribu kuongea, ukishindwa ujue umebana kupita kiasi. Fizio alinipa hii tu, dakika 5 kila siku kwa wiki nzima, na nikajiona naibiwa, yaani nimelipa kufundishwa kupumua? Lakini wiki ya pili nilipoongezewa mazoezi ndo nikaelewa, kwa sababu yote yanasimama juu ya hiyo pumzi.

Yanayofuata ni manne. Daraja: uko vile vile chali, toa hewa, kandamiza nyayo, inua makalio pingili moja moja mpaka mwili uwe mstari toka mabegani mpaka magotini, shuka hivyo hivyo kwa utaratibu, mara 8 hadi 10. Nyuma ya paja ikitaka kukaza misuli, sogeza visigino karibu na makalio, na usipande juu sana, ukipinda kiuno kama upinde umeshaharibu.

La pili ni kuinua goti, na hili linaonekana la kitoto. Umelala chali, toa hewa, inua mguu mmoja mpaka goti liwe juu ya nyonga, rudisha, badilisha. Sharti ni moja, kiuno na nyonga visicheze. Chukua kikombe cha plastiki, tia maji kidogo, kisimamishe chini ya kitovu alafu uanze. Mimi nililowa siku tatu mfululizo, na kila mara ni mguu wa kushoto ukinyanyuka, ule ule ambao fizio aliona siusimamii nikitoka kwenye kiti. Kikombe hakikubembelezi.

La tatu lala ubavu, magoti yamekunjwa, visigino vimegusana, fungua goti la juu kama chaza anavyofungua gamba, bila nyonga kuangukia nyuma, utasikia moto pembeni ya kalio. La nne piga magoti na viganja chini, nyosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto, hesabu 5, badili.

Yale ya kunyanyua kichwa na mabega au kujikunja kutoka chini mpaka ukae, unayoyaona kwenye video, yaache kwanza. Mwenye mifupa iliyopungua uzito asiyaguse bila ruhusa, kukunja mgongo mbele kwa nguvu kunaweza kumvunja pingili. Mjamzito naye amwambie mwalimu mapema, kulala chali muda mrefu ujauzito ukishakua mkubwa hakufai.

Swali la kila mtu, je ikiuma niache? Jipe alama toka 0 mpaka 10. Ukiwa 0 hadi 3 endelea, 4 au 5 punguza mwendo au idadi, ikizidi hapo acha hilo zoezi leo. Alafu subiri kesho, maumivu yakiwa yamerudi pale yalipokua ndani ya masaa 24 dozi ilikua sawa, yakiwa bado yako juu ulizidisha, kata nusu wala usiache kabisa. Misuli kuchoka na kuwa mizito siku ya pili ni kawaida. Maumivu makali yanayoshuka mguuni mpaka chini ya goti, au ganzi mpya, hiyo sio kuchoka, mrudie fizio.

Fanya mara 3 kwa wiki, dakika 20 zinatosha, pumzi iwe kila siku. Nguvu ya kuonekana inachukua kama wiki 6 mpaka 12, kwa hiyo usihukumu wiki ya pili. Na ukiongeza, ongeza kitu kimoja, maana ukiongeza vitatu kwa pamoja kiuno kikilipuka hutajua nani kafanya.

Rifoma, kile kitanda chenye kigari kinachoteleza kwa springi, ni kitamu lakini sio lazima. Ukikipata usidhani springi nyepesi ndo rahisi, kwenye mazoezi mengi ya tumbo springi nyepesi inakushikilia kidogo kwa hiyo kazi inarudi kwako. Mwalimu mzuri anakuuliza unaumwa wapi kabla hujapanda.

Nje ya mkeka nimebadilisha vitu viwili tu. Kutoka kitandani nageuka ubavu, nashusha miguu, nasukuma kwa mkono huku natoa hewa. Na soksi navaa nimeweka mguu juu ya goti la pili, siinamii tena sakafuni. Wiki ya saba soksi ya kulia iliingia mara moja bila hata kufikiria. Ya kushoto bado tunajadiliana.