Kabla mzani haujagoma

Siku ya 17 baada ya upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula ili nikonde, mzani wangu uligoma. Nilipanda asubuhi, nikashuka, nikausogeza kwenye kigae kingine nikidhani sakafu imeinama, nikapanda tena. Kilo 112. Kesho yake kilo 112. Siku tisa mfululizo namba ileile, na mimi nakunywa supu kwa kijiko, nimeuza kiwanja ili nikatwe tumbo. Nililia, na si kwa maumivu ya kidonda. Hakuna aliyenidokeza mapema kwamba siku hizo zipo.

Ndiyo maana haya namwandikia anayejiandaa. Aliyekwisha kukwama huwa hasomi, anatafuta wa kumlaumu.

Kwanza uelewe kinachotokea. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, inaitwa glaikojeni. Kwa mtu mzima ni kama nusu kilo hivi, na kila gramu moja hukaa na takriban gramu tatu za maji. Ukiacha kula ghafla, akiba hiyo huchomwa kwanza na maji yake hutoka, kwa hiyo wiki ya kwanza unapungua kwa kasi ya kufurahisha. Sehemu kubwa ni maji. Unapoanza kula uji mzito na mtindi, mwili unajaza ghala lake upya, maji yanarudi, na mafuta yanayoendelea kuyeyuka yanafichwa na maji hayo. Mkwamo huu wa kwanza huja kati ya wiki ya pili na ya sita, na huondoka wenyewe. Hauhitaji dawa wala kufunga kula.

Mkwamo wa pili ni mtu mzima zaidi, na ndio wa kuandaliwa kweli. Uzito hushuka kwa kasi miezi sita ya mwanzo, kisha mwendo unapungua, na wengi hufika chini kabisa kati ya mwezi wa 12 na wa 18. Njiani mzani husimama mara kadhaa, pengine wiki tatu, pengine mwezi na zaidi. Sababu yake mtu yeyote aliyewahi kuchota maji ataielewa. Ukipungua kilo 30, umetua jerikani moja na nusu za lita 20 ulizokuwa umezibeba mchana na usiku, kitandani na kwenye ngazi. Mwili usio na mzigo hautumii nguvu nyingi. Juu ya hapo, wenyewe unabana matumizi kwa kuwa unadhani njaa imeingia nchini. Chakula kilichokupunguza ukiwa na kilo 120 kinaweza kukutuliza palepale ukiwa na 90.

Kosa kubwa linalofanywa hapo ni kuzidi kupunguza chakula. Nimelifanya. Misuli inaliwa, nywele zinazidi kutoka (kutoka nywele kati ya mwezi wa tatu na wa sita ni kawaida hata bila ujinga huo, na kwa kawaida huota tena), kichwa kinazunguka, na mzani bado haujali.

Kwa hiyo, kabla ya tarehe ya upasuaji, nunua daftari na futi ya fundi cherehani. Andika kiuno, nyonga, paja, mkono, shingo, sukari na presha kama unavyo, dawa unazomeza, na ngazi ngapi unapanda kabla ya kutweta. Mzani ukigoma, mara nyingi futi inaendelea kusema. Nilipokuwa kwenye mkwamo wangu wa mwezi wa saba, kilo hazikusogea kwa siku 24 lakini kiuno kilipungua sentimita tatu. Chagua pia nguo moja ya kujipimia kila mwezi. Isiwe gomesi, lile gauni pana la kufungwa kwa mkanda! Gomesi ni mkanda tu, inamkubali kila mtu. Na mzani upande mara moja kwa wiki, siku ileile, asubuhi, umetoka msalani na hujanywa kitu. Anayejipima kila siku anapima chumvi ya jana.

Jikoni ndiko kwenye kazi zaidi. Wengi huambiwa walenge gramu 60 hadi 80 za protini kwa siku, na sisi wa Uganda tumelelewa kwenye matoke, posho (ugali) na mihogo, vyakula vyenye protini kidogo mno. Fanya hesabu ukiwa bado mzima. Yai lina kama gramu sita, bilauri ya maziwa nane, kipande cha sangara cha gramu 100 ni 20 na kidogo, nusu kikombe cha maharage saba. Mayai mawili, maziwa bilauri mbili, samaki na maharage hayo: umekaribia 60 bila kununua unga wa kopo la bei mbaya. Mukene, yaani dagaa, waliosagwa wanaingia kwenye uji na mchuzi, na ni rahisi. Kwa muuza rolex, yaani mayai yaliyokunjwa ndani ya chapati, agiza mayai bila chapati. Atakutazama kama umechanganyikiwa, mzoee.

Hapa kuna mtego ambao sikuujua. Nilifanyiwa upasuaji ule unaoondoa asilimia 75 hadi 80 ya mfuko wa chakula na kuacha kinachofanana na ndizi nyembamba. Nyama na mayai hukaa humo na kukushibisha. Lakini biskuti, chai ya maziwa yenye sukari, mandazi ya kuchovya, juisi ya pasheni na mchuzi wa karanga huteleza kama hakuna aliyekatwa. Vijiko viwili vikubwa vya karanga zilizosagwa vina karibu kalori 190, na binyebwa, mchuzi huo wa karanga, hailiwi vijiko viwili. Nilipoandika kwa uaminifu wiki nzima nilichokula, niligundua sili sana mezani, ila nadokoadokoa kuanzia saa nne hadi magharibi. Mkwamo wa mwezi wa saba nusu yake ulikuwa huo. Jifunze mapema kula kwa saa, protini kwanza, na kutokunywa pamoja na chakula. Wengi huambiwa wasubiri nusu saa baada ya kula. Maji yanywe kidogo kidogo siku nzima hadi lita moja na nusu au zaidi. Kiu mara nyingi hujifanya njaa.

Nani atakubebea maji? Swali dogo, lakini wiki nne hadi sita za mwanzo hutakiwi kunyanyua mzigo mzito, na jerikani iliyojaa ni kilo 20. Panga mtu. Daktari akikuruhusu, jerikani hizohizo zitakuwa mazoezi yako: anza na ya lita tatu, kisha tano. Kutembea vilima vya Kampala ni kuzuri, ila misuli inajengwa kwa kunyanyua, na misuli ndiyo inayochoma chakula hata umelala.

Kama unakwenda kupasuliwa India au Nairobi, usikate tiketi kabla ya kumpata daktari hapa nyumbani atakayekupokea ukirudi, na vipimo vya damu vya mwezi wa tatu, wa sita na wa 12 uvitengee pesa pembeni. Mimi pesa yote niliimaliza kwenye upasuaji; vipimo nikavifanya kwa mkopo, chuma kikaonekana kimeshuka. Uchovu wote ule niliuita mkwamo. Vitamini B12, chuma, kalsiamu na vitamini D ni vya kumeza miaka yote. Uliza pia kuhusu dawa za maumivu: diklofenaki na ibuprofeni zinauzwa kila duka la dawa kama peremende, na kwa mfuko uliokatwa huweza kuleta vidonda, hasa kwa aliyefanyiwa baipasi, upasuaji unaofanya chakula kiruke sehemu ya tumbo na utumbo. Wanawake tuzungumze uzazi wa mpango mapema, kwani hushauriwa kusubiri mwaka mmoja hadi mmoja na nusu kabla ya mimba, na vidonge huenda visifyonzwe vizuri baada ya baipasi. Pombe nayo hupanda haraka sana. Waragi kidogo tu, umelala.

Utofautishe mkwamo na ugonjwa. Mzani kusimama si dharura. Kutapika kusikokoma, maji kutopita, maumivu makali ya tumbo, homa, ganzi miguuni, kuona kitu kimoja kama viwili: hayo ni hospitali siku hiyohiyo. Kutapika kwa muda mrefu humaliza vitamini B1, na mishipa ya fahamu ikiharibika huenda isirudi ilivyokuwa.

Kwetu Bombo swali lingine lilikuwa Ramadhani. Daktari wangu alinizuia mwaka wa kwanza, kwa kuwa lita moja na nusu ya maji haiingii kati ya magharibi na daku kwenye mfuko kama huu. Muulize wako, umwendee na imamu pia, ili usibaki peke yako na dhamira ikikusuta mwezi mzima.

Watu sasa. Miaka ya 1980 huko Rakai na Masaka ugonjwa wa UKIMWI uliitwa slim, yaani mwembamba, na jina hilo halijasahaulika. Mwanamke mnene akikonda ghafla Uganda, watu hawasemi hongera, wanahesabu wanaume wake. Halafu ukikwama, wale wachache uliowaambia siri wanasema umetupa kiwanja bure, na jirani anakuletea majani ya kuchemsha ya kuyeyusha kitambi. Usiyanywe, ini lako lina kazi ya kutosha. Amua kabla ni nani watajua, wasizidi vidole vya mkono mmoja, na uandae sentensi moja kwa waliobaki.

Shangazi yangu sikumwambia. Mwezi wa saba, nikiwa nimekwama palepale, alinipakulia gurusa, mkate wetu mwembamba, na mchuzi, akaniangalia mkono.

“Mwanangu, unaumwa?”

“Hapana, shangazi. Nakula kidogo siku hizi, daktari kasema.”

“Daktari gani anakataza watu kula?”

Akaniondolea sahani, akaenda jikoni, akarudi na kisosi cha chai. Juu yake samaki kipande kimoja. “Haya,” akasema, “hiki kimalize.” Nikakimaliza.