Kabla Wakili wa Mtwara Hajasitisha Kazi: Leseni na Mafunzo Endelevu

Wakili anayetaka kupumzika kwa mwaka mmoja au miwili, ili alee mtoto mchanga, auguze mzazi au asome shahada nyingine, mara nyingi hudhani kwamba akiacha kuhuisha leseni basi wajibu wake wote umesimama. Sivyo. Jina lake katika daftari la mawakili, leseni ya mwaka, uanachama wa Chama cha Wanasheria Tanganyika na alama za mafunzo endelevu ya sheria, zile anazojikusanyia kila mwaka kwa kuhudhuria mafunzo hayo, ni mambo manne tofauti, na kusimama kwa moja hakusimamishi mengine.

La kwanza, kwa hiyo, ni barua. Aandike kwa Msajili wa Mahakama Kuu na kwa Chama kabla hajaondoka, ataje tarehe ya kuanza na ya kukadiria kurudi, aeleze sababu, kisha aulize waziwazi kama alama za kipindi hicho zitasamehewa, zitaahirishwa au zitadaiwa siku ya kurudi, na vivyo hivyo kuhusu ada. Asiridhike na jibu la simu. Afisa aliyelitoa anaweza kuhamishwa, na miaka miwili baadaye wakili hatakuwa na cha kuonyesha.

Tarehe nayo ina uzito kwetu huku kusini. Leseni hukoma Desemba 31, na miezi ya mwisho wa mwaka ndiyo ya minada ya korosho, wakati wateja wa Newala, Tandahimba na Masasi wanapopata fedha na kuleta mashauri yaliyolala tangu masika. Anayekusudia kusitisha kazi Januari asisubiri msimu huo ndipo atafute alama za mwaka unaoisha. Mafunzo ya ana kwa ana yakifanyika Dar es Salaam, safari hiyo ni ya zaidi ya kilomita 500, na sote tunakumbuka Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipoikata barabara eneo la Somanga. Mafunzo ya mtandaoni yamepunguza adha hiyo, nami naona ni haki kwa mawakili wa mikoani yaendelee.

Hatari kubwa kuliko zote ni kazi ndogo ndogo wakati wa mapumziko: jirani anahitaji kiapo, ndugu anataka mkataba wa shamba, na muhuri bado uko kabatini. Mahakama ya Rufani, katika Rufaa ya Madai Na. 140 ya 2006, ilisema kwamba wakili asiye na leseni hai anatenda kinyume cha sheria na kwamba anachokifanya kwa nafasi hiyo hakina nguvu kisheria. Anayeumia ni mteja, ambaye huenda alifunga safari kutoka Nanyumbu akiamini ametendewa kazi halali. Muhuri ufungiwe, na bango la ofisi liondolewe au lieleze hali halisi, kwa kuwa siku hizi yeyote anaweza kutafuta jina la wakili katika mfumo wa e-Wakili na kuona kama anaruhusiwa kufanya kazi.

Majalada yakabidhiwe kwa wakili mwingine kwa ridhaa ya mteja, mahakama ijulishwe, na fedha za wateja zirudishwe au zihamishwe kwa maandishi.

Kuhusu kipato, wakili aliyeajiriwa ana likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa wakati mmoja. Aliyejiajiri hana mwajiri wa kumlipa, hivyo ada za kurejea azitenge kabla ya kufunga ofisi.

Barua, majibu yake, vyeti vya mafunzo na stakabadhi zote viwekwe katika jalada moja, nakala zihifadhiwe kwenye barua pepe, na miezi mitatu kabla ya tarehe aliyoitaja amwandikie tena Msajili.