Namna ya Kuandika Historia ya Jengo la Kale la Mjini, Pamoja na Kuanguka Kwake

Wengi wanaoandika juu ya jengo la kale humtafuta aliyelijenga, hutaja mwaka, kisha hurukia siku lilipobomoka. Miaka ya katikati huachwa, ilhali humo ndimo jengo lilimobadilishwa matumizi, likasahauliwa, likaanza kuvuja. Mwongozo huu unaonyesha jinsi ya kuijaza miaka hiyo, na mfano wangu ni Beit al-Ajaib ya Mji Mkongwe wa Unguja, iliyojengwa na Sultani Barghash bin Said mwaka 1883 na ambayo sehemu yake ya mbele, pamoja na mnara wa saa, iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu wawili wakati kazi ya ukarabati ikiendelea.

Anza kwenye jengo lenyewe, ukiwa na daftari na utepe wa kupimia, kabla hujasoma chochote. Pima unene wa kuta na upana wa vyumba, kwa kuwa katika nyumba za zamani za pwani upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko. Ukikuta chumba kipana kupita kiasi, tafuta kilichokishikilia. Beit al-Ajaib ilizungukwa na roshani pana zilizobebwa na nguzo ndefu za chuma, jambo lililokuwa geni mjini, na pamoja na umeme na lifti ndilo lililowafanya watu waliite Jumba la Maajabu. Andika pia lipu ni ya chokaa au ya saruji. Ukuta wa mawe ya matumbawe uliopigwa saruji hushindwa kutoa unyevu wake, na chuma kilichozikwa ndani yake kikipata kutu huvimba na kuupasua. Kwa hiyo kiraka cha saruji kinastahili kuandikwa kwa uangalifu uleule unaopewa mlango wa nakshi, ingawa nakiri kwamba hakuna anayekipiga picha kwa furaha.

Hatua ya pili, na kwangu ndiyo tamu kuliko zote, ni kuzipanga picha za zamani ambazo hazina tarehe. Usiitazame nguo za watu wala aina ya karatasi kwanza. Tazama kilichopo na kilichokosekana. Picha ya ufuo wa Forodhani inayoonyesha mnara umesimama peke yake mbele ya jumba ilipigwa kabla ya tarehe 27 Agosti 1896, siku ambayo manowari za Uingereza zililipiga eneo la kasri kwa mizinga kwa muda usiofika saa moja, baada ya Khalid bin Barghash kujitwalia kiti cha usultani. Mnara huo uliharibiwa, na Beit al-Hukm iliyokuwa jirani ikabomolewa isijengwe tena. Picha yenye mnara uliounganishwa na uso wa jumba ni ya baada ya matengenezo yaliyofuata, na isiyo na mnara kabisa, huku upande wa mbele ukiwa wazi, ni ya baada ya Desemba 2020. Kila jengo lina alama za namna hii: duka lililoongezwa, roshani iliyokatwa, mti uliokua.

Nyaraka hazihitaji maelezo marefu. Kwa Unguja nenda Nyaraka za Taifa zilizopo Kilimani, uulize pia habari za wakfu. Kwa Dar es Salaam usisahau Sheria ya mwaka 1971 iliyotaifisha majengo, kwa kuwa nyumba nyingi za katikati ya mji zilibadilisha mmiliki hapo.

Unapozungumza na wazee, usimwulize mtu "ilikuwa mwaka gani?" Mwulize kama ilikuwa kabla au baada ya Mapinduzi ya 1964, na kama alikuwa ameshaoa au ameshaolewa. Waulize waliofagia paa, waliozibua mifereji ya maji ya mvua na waliobeba ndoo za kukinga matone, kwani hao wanajua kazi hiyo ilikoma lini na nani aliacha kuilipia.

Mwisho, uandike upotevu wenyewe kwa tarehe zake zote. Beit al-Ajaib haikuanguka mara moja: mwaka 2012 sehemu ya roshani ilikuwa imekwisha poromoka, miaka minane kabla ya ile Krismasi, na hayo yakitokea katika mji ulioingizwa kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Ikiwa jengo lako bado limesimama, chagua sehemu moja ya kusimama ng'ambo ya barabara, ulipige picha kutoka hapo kila baada ya masika na kila baada ya vuli, na uweke alama ya penseli yenye tarehe kwenye ncha ya kila ufa, ili mwakani ujue umesogea kiasi gani.