Kustaafu Thailand: namna ya kupata kibali cha mwaka na kukilinda

Thailand inamruhusu mgeni aliyetimiza miaka 50 kukaa mwaka mzima na kuomba upya kila mwaka, mradi aonyeshe fedha za kujikimu na asifanye kazi nchini humo. Njia ni mbili, na wengi huzichanganya tangu mwanzo.

Ya kwanza ni viza ya Non-Immigrant O-A. Huombwa ukiwa bado nje, katika nchi yako au unakoishi kihalali, nayo hukupa mwaka mmoja unapoingia. Fedha zinaweza kubaki benki ya kwenu. Lakini utadaiwa cheti cha polisi cha mwenendo mwema, cheti cha daktari kwamba huna ukoma, kifua kikuu, matende, kaswende ya hatua ya tatu wala uraibu wa dawa za kulevya, pamoja na bima ya afya ya baht 3,000,000 (baht ni sarafu ya Thailand). Bima ndiyo inayowakwamisha waliovuka miaka 70, maana ada hupanda sana na kampuni nyingi hazipokei mteja mpya wa umri huo.

Ya pili ni Non-Immigrant O. Unaingia na siku 90, kisha unaomba uhamiaji wakurefushie hadi mwaka mmoja. Bima hiyo haimo katika masharti yake, na kwa wastaafu wengi hii ndiyo njia bora, hata kama ina safari nyingi za ofisini. Maombi hufanywa kwenye tovuti rasmi ya viza ya Thailand; kwa mkazi wa Kenya, ubalozi uko Nairobi. Anayetoka Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo abebe cheti cha chanjo ya homa ya manjano, iliyochomwa siku 10 au zaidi kabla ya safari. Kadi ya kuingia nchini nayo hujazwa mtandaoni ndani ya siku 3 kabla ya kufika.

Sasa fedha, kwa sababu hapa ndipo maombi mengi yanapokufa. Unachagua kimoja: baht 800,000 katika benki ya Thailand, au kipato cha baht 65,000 kila mwezi kutoka nje, au mchanganyiko wa akiba na kipato unaofikisha 800,000 kwa mwaka. Pensheni ya kila mwezi inaonekana rahisi, ila balozi kadhaa, zikiwemo za Marekani, Uingereza na Australia, ziliacha kutoa barua za kuthibitisha kipato. Raia wao huonyesha miezi 12 ya fedha zilizoingia kutoka nje, na mwezi mmoja ukipungua hoja yote inaanguka. Mwenye uwezo wa kuweka akiba aweke akiba.

Akiba hiyo lazima iwe imekaa kwenye akaunti yenye jina lako peke yako kwa miezi 2 kabla ya siku ya kuomba. Hesabu tarehe kwa kurudi nyuma. Ukiingia Machi 1, siku zako 90 zinaisha Mei 29. Ukipanga kwenda uhamiaji Mei 20, fedha ziwe zimeingia kabla ya Machi 20, yaani una wiki kama tatu tu za kupata nyumba, kufungua akaunti na kupokea fedha. Tawi moja la benki linaweza kukukatalia na jingine la benki hiyohiyo likakupokea. Usikate tamaa kwenye kaunta ya kwanza. Tuma dola au sarafu nyingine ya kigeni, ubadilishaji ufanyike Thailand, na utunze risiti ya kila muamala. Tuma kama 820,000, si 800,000 kamili, kwa kuwa ada za njiani hula kidogo, na ada ya mwaka ya kadi ya benki inaweza kukushusha chini ya kiwango kwa baht mia chache tu. Matumizi ya sokoni yawe na akaunti yake.

Siku ya kuomba pitia benki asubuhi kwanza. Chukua barua ya kuthibitisha salio, weka hata baht 100, kisha kitabu cha benki kichapishwe mstari wa siku hiyohiyo. Ofisa hutazama mstari huo wa mwisho. Beba fomu TM.7 ya kuomba kurefushiwa ukaaji, picha ya sentimita 4 kwa 6, nakala za pasipoti na za kitabu zilizosainiwa kila ukurasa, mkataba wa nyumba, na ada ya baht 1,900. Hakikisha pia mwenye nyumba ameshatoa uhamiaji taarifa ya TM.30 kwamba unaishi kwake, inayotakiwa ndani ya saa 24 tangu ufike kwake; bila hiyo, ofisi nyingi hazigusi faili lako. Ofisi hazifanani, kwa hiyo kaulize orodha ya ofisi ya mkoa wako wiki mbili kabla.

Ukipata kibali, acha 800,000 kwa miezi 3 zaidi. Baada ya hapo unaweza kutumia, ila salio lisishuke chini ya 400,000 wakati wowote, na lirudi 800,000 miezi 2 kabla ya maombi yajayo.

Kila siku 90 unaripoti anwani yako kwa fomu TM.47, kuanzia siku 15 kabla hadi siku 7 baada ya tarehe. Ukichelewa, faini ni baht 2,000. Ukisafiri nje, chukua kwanza kibali cha kurudi, baht 1,000 kwa safari moja au 3,800 kwa safari nyingi. Ukitoka bila hicho, mwaka wako unafutika mpakani na unaanza upya, pamoja na sharti la fedha kukaa benki miezi 2.

Kuhusu kodi, tangu Januari 1, 2024, anayekaa siku 180 au zaidi katika mwaka anaweza kutozwa kodi kwa kipato cha nje anachoingiza Thailand. Kabla ya kuhamisha akiba yote, angalia kama nchi inayokulipa pensheni ina mkataba wa kodi na Thailand, na uhifadhi taarifa za benki zinazoonyesha akiba uliyokuwa nayo kabla ya tarehe hiyo.